Riwaya Mbili Hazivuki Kamukuywa

Mtu akiniambia tena kwamba njia mbili zilimshinda fisi, nitamrushia mkasi. Nimeisikia methali hiyo kwa mume wangu, nimeisikia kwa pasta, nimeisikia hata kwa mteja aliyekuja kupunguziwa sketi kiunoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza fisi alikuwa amejipanga vipi. Fisi alifuata harufu tu, bana. Mimi nina ratiba.

Naitwa Gladwell Nyaruai, fundi wa nguo. Jumapili mpaka Jumatano niko Kitale, ambako nina kibanda cha kushona sare za kwaya nyuma ya soko. Alhamisi mpaka Jumamosi niko Bungoma, ambako mume wangu Wangila anafanya kazi katika ofisi ya kaunti na ambako cherehani yangu ya pili imekaa sebuleni tangu tuhamie. Kila mji una cherehani yake, na kila mji una riwaya yake. Ya Kitale iko kwenye kaunta buku nyekundu na inaitwa Jiwe la Nyambu. Ni habari za mjane wa Saboti ambaye jirani yake anasongeza jiwe la mpaka kila msimu wa kulima, hatua moja moja, mpaka karibu shamba libaki upana wa kitanda. Ya Bungoma iko kwenye kaunta buku ya bluu, Daraja la Wekoye. Huyo ni kijana wa Matulo aliyeapa kujenga daraja la mbao juu ya mto Nzoia, baada ya wakubwa kuliahidi mara tano na kulisahau mara tano.

Sheria yangu ni moja: riwaya haivuki Kamukuywa. Nikitoka Kitale na kufika pale mtoni, Nyambu amebaki nyuma kwenye droo ya kibanda na Wekoye anaanza kuamka kichwani. Nikirudi, Wekoye analala. Watu wananiuliza kama sichanganyikiwi. Nachanganyikiwa na nini? Mama mwenye watoto wawili huwapa majina tofauti na kazi inaendelea. Nyambu akinikasirikia na kukataa kusema neno, najua siku tatu mbele kuna kijana anayenisubiri na nyundo mkononi, na natamani Alhamisi ifike. Miaka mitatu nimeishi hivyo na sijawahi kuwa na furaha kama hiyo.

Kila riwaya ina msikilizaji wake pia. Jumapili baada ya kanisa naenda Saboti kwa baba yangu, mzee Kibe, ambaye macho yake hayataki tena maandishi madogo, na namsomea sura ya Nyambu. Alhamisi nikielekea Bungoma nashukia Matulo kwa mama mkwe, Mama Nakhungu, ambako Wangila amenitangulizia kaunta buku ya bluu. Ananitolea kiti cha mbao pale barazani, tunakiita kiti cha kusomea, na namsomea sura ya Wekoye. Baba hakujua habari za Wekoye. Mama hakujua habari za Nyambu. Sikuwaambia, kwa sababu wazee wana wivu. Wala sikuogopa kwamba wataambiana. Wale ni wakwe, na wakwe wana heshima yao. Tangu siku ya ruracio yangu, yaani kulipiwa mahari, miaka ishirini na miwili iliyopita, wakikutana husalimiana kama wajumbe wa bodi ya shule. "Habari ya huko?" "Ni nzuri, sijui huko." Basi, imetosha.

Jumatatu asubuhi simu ililia nikiwa na pini mdomoni. Alikuwa Bi. Cherono, mhariri wa kampuni moja ya vitabu Nairobi. Nilikuwa nimempelekea sura tatu za Nyambu na tatu za Wekoye mwezi wa tatu na nikakata tamaa mwezi wa sita.

"Gladwell, zote mbili tumezipenda," akasema. "Mwandishi mmoja amejitoa kwenye orodha yetu ya mwaka huu na nafasi yake iko wazi. Nipe mswada mmoja, ule uliokamilika. Ijumaa saa kumi jioni orodha inafungwa."

Nilitema pini zote. "Ijumaa hii?"

"Hii. Uko na moja iliyokamilika, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema, na Mungu anisamehe.

Nilipokata simu nilipiga kigelegele mpaka muuza viatu wa kibanda cha pili akaja kuuliza nani ameolewa. Halafu nikakaa chini ghafla. Sikuwa na mswada uliokamilika. Nyambu nilikuwa nimemwacha sura ya ishirini na mbili, amesimama mpakani na jembe peke yake, jirani na wanawe wanne mbele yake. Wekoye nilikuwa nimemwacha sura ya kumi na tisa, ubao umekatika, mto umembeba. Watu wangu wote wawili walikuwa pabaya, na miezi minne nilikuwa sijui nani wa kuwatoa. Mimi sijawahi kumaliza kitu kirefu kuliko gauni la harusi.

Nikampigia Wangila. Alifurahi sana, kisha akasema, "Lakini Mama Joan, si nilikwambia? Njia mbili—"

"Wangila, nimeshika mkasi."

"Sawa, sawa. Chagua moja basi, mimi nitakuchapia."

Nilichagua Nyambu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Jumanne nikafunga kibanda, nikatia kaunta buku nyekundu kwenye mkoba na kwenda Saboti kumuuliza baba jinsi ugomvi wa mipaka unavyoisha. Yeye zamani ndiye aliyekuwa akishika kamba wakati mashamba ya kule yakipimwa. Nilimkuta anapukuchua mahindi, kofia yake ya kahawia kichwani kama kawaida. Hiyo kofia imenizidi umri. Nilimweleza yote kwa pumzi moja.

Baba aliacha mahindi. "Maitu, hiyo ni baraka!" Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Hiyo ni baraka kubwa. Sasa sikia. Wacha Nyambu apumzike. Maliza ile ya Wekoye."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wekoye gani, baba?"

"Yule wa daraja. Si ameanguka kwa maji? Wacha mama yake amtafute, yule mama anampelekea uji kazini kila saa nne. Yeye ndiye anajua mahali mto unatupa vitu."

Kwanza, baba hamjui Wekoye. Pili, na hili ndilo lililonitisha, Wekoye hana mama. Ni yatima. Nilimzika mama yake mimi mwenyewe ukurasa wa pili.

"Baba, nani amekwambia habari za Wekoye?"

"Ngoja niangalie ng'ombe," akasema, akainuka na kwenda kumwangalia ng'ombe aliyekuwa amekamuliwa tayari. Nilimfuata mpaka zizini. Akaanza kunionyesha kwato.

Basi nikajua nimepata wazimu. Haiya, si ndivyo walivyonionya? Nilijiona wazi: siku fulani nimevuka Kamukuywa na kitabu kisicho chake, nimekaa Saboti nimemsomea baba sura ya Wekoye nikidhani ni ya Nyambu, na mahali fulani katikati nimemwandika mama mwenye uji nikamsahau. Miaka mitatu ya ratiba, na kumbe mimi ndiye fisi! Sikulala Kitale. Nilipanda gari la jioni moja kwa moja mpaka Bungoma, nikaingia sebuleni bila hata salamu na kufungua kaunta buku ya bluu.

Nilisoma sura kumi na tisa. Asubuhi nilizipitia tena na penseli, nikitafuta uji. Kulikuwa na chai, kulikuwa na muwa, kulikuwa na busaa ya fundi mmoja mlevi. Uji hakuna, na mama hakuna.

"Mama mwenye uji?" Wangila akauliza akifunga tai. "Lakini ni wazo zuri, ama?"

Ndipo nilipoinua mkoba na kuona ile nyekundu imo ndani. Kwa kuchanganyikiwa nilikuwa nimevuka Kamukuywa na Nyambu. Sheria ya miaka mitatu, kwisha. Nilimpigia baba. "Haloo? Haloo?" akasema. "Netiwaki ni mbaya huku." Nilikuwa nasikia jogoo wake vizuri kabisa.

Mchana wa Jumatano nilishukia Matulo na vitabu vyote viwili. Mama Nakhungu alikuwa anaanika maharagwe. Alinitazama, akatazama jua, kana kwamba jua ndilo lililokosea siku.

"Si leo ni Jumatano?"

"Mama, kuna habari." Nikamweleza habari za Bi. Cherono na Ijumaa saa kumi. Alipiga makofi, akainama akacheza hatua mbili palepale kwenye maharagwe. Miaka sabini na minne, huyo mama. Kisha akanitolea kiti cha kusomea, akaketi mbele yangu kwenye kigoda, akanishika goti.

"Mukhana, binti yangu, umesikia? Hapo hakuna kufikiria. Maliza ile ya Nyambu."

"Ala! Hata na wewe?"

"Na yule mzee wa kofia amsaidie. Yule alipima mashamba yote na kamba, anajua kila jiwe mahali lililala. Jirani akimwona tu, anatetemeka." Akacheka peke yake. "Huyo mzee anajua kuongea! Nampenda sana huyo mzee."

Katika Jiwe la Nyambu hakuna mzee wa kofia. Hamna mzee yeyote, hamna hata kofia. Lakini mzee wa namna hiyo namjua mmoja, na jana tu alikuwa ananionyesha kwato za ng'ombe. Kabla sijafungua mdomo, simu ya mama ikalia ndani ya leso yake. Masikio yake yamechoka kidogo, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti ya kipaza sauti cha kanisa.

"Mama Wangila!" Ilikuwa sauti ya baba yangu, imechangamka kama ya kijana. "Ameshafika huko? Usimwambie kitu! Sema tu amalize ile ya—"

"Baba," nikasema, "nimefika."

"Haloo? Haloo? Netiwaki—"

"Baba, ukikata hiyo simu nitakuja huko leo hii kwa miguu."

Hakukata. Ukweli ukatoka kidogo kidogo. Krismasi ya mwaka juzi baba alimpigia mama simu ya heri na fanaka, salamu zikaisha mapema, na kwa kukosa la kusema akamuuliza kama Nyaruai humsomea na yeye. Khane, kumbe! Tangu hapo, kila Jumapili jioni baba humsimulia mama sura ya Nyambu, na kila Alhamisi jioni mama humsimulia baba sura ya Wekoye. Wale wajumbe wa bodi ya shule! Na kwa kuwa hakuna kitabu mbele yao, kila mmoja aliongeza chumvi. Baba aliona mjane wangu anahangaika peke yake, akavaa kofia na kuingia. Mama aliona yatima wangu anapiga nyundo na njaa, akawasha moto na kupika uji.

Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo. Sikuwa na wazimu! Vitabu vyangu vilikuwa safi, kila kimoja upande wake, ni wazee tu waliokuwa wakivuka usiku na mchana kwa simu. Halafu hasira ikanipanda, maana mimi hasira haichelewi.

"Sasa niambieni. Baba, wewe Nyambu ni wako, miaka mitatu umenililia nimwokoe. Mama, Wekoye ni wako. Mbona kila mmoja anataka nimalize ya mwenzake? Nyinyi hampendi hadithi zenu?"

Mama alichukua pindo la leso akaanza kupangusa mkono wa kiti changu, ambao haukuwa na vumbi.

"Mukhana, kabla ya hii kitabu kuanza," akasema, "ulikuwa unakuja hapa siku gani?"

Nikahesabu kichwani. Pasaka. Krismasi. Kukiwa na matanga. Kila Alhamisi nilikuwa napita hapo barabarani nikielekea Bungoma, na alikuwa akiliona gari.

"Hii yangu ikiisha, utapita tu," akasema. "Mimi sikatai uandike. Lakini anza kumaliza ile ingine."

"Na Jumapili ni siku ndefu," simu ikasema kutoka mapajani mwake, taratibu. "Tangu mama yako atutangulie, Jumapili ni ndefu sana."

Niliona aibu, nitasema wazi. Nilikuwa nadhani nawafanyia wazee hisani kwa kuwasomea. Niliiinamia ile kaunta buku ya bluu ili mama asinione uso, na nikiwa nimeinama hivyo, nikamwona yule mwanamke. Nilimwona kabisa, kwenye kona ya mto chini ya Matulo, mahali mto unapotupa magogo na sandali na mbuzi waliozama, amesimama na sufuria ya uji saa nne asubuhi siku ya tatu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mikono yangu ilianza kuwasha.

"Namaliza ya Wekoye," nikasema. "Leo. Hapa hapa. Mama, nitafutie kalamu ya pili, hii itaisha."

"Lakini, mukhana—"

"Kalamu, mama!"

Jamani, kuandika kule! Miezi minne nilikuwa natoa neno moja moja kama mtu anayeng'oa misumari, na sasa maneno yalikuja yakisukumana mlangoni. Niliandika mpaka giza, na alfajiri ya Alhamisi nikaendelea. Nilirudi nyuma nikamfufua yule mama na kumpitisha katika sura zote kumi na tisa, hapa na sufuria, pale na kikombe. Wangila aliomba ruhusa kazini akaja na kompyuta, akaketi kwenye kigoda akichapa kwa vidole viwili.

"Ukurasa wa pili," nikamwambia, "futa kaburi."

"Nifute kaburi lote?"

"Na waombolezaji pia."

Saa nne kamili Mama Nakhungu aliniwekea kikombe cha uji kando ya mkono. Sikumuuliza kama alijua anachofanya. Niliunywa nikaandika sura ya ishirini.

Ijumaa saa tisa zilibaki kurasa mbili, na stima ikapotea. Kompyuta ilikuwa na asilimia kumi na moja. Nilianza kumsomea Wangila nikiwa nimesimama ili achape moja kwa moja, sauti yangu ikipanda kama ya mtangazaji wa mpira. Mama alikuwa ameshika simu juu kwa mikono miwili, na ndani ya simu baba alikuwa anasikiliza huko Saboti. Nikafika mahali mama wa Wekoye anaona kitu kwenye matete, anadhani ni gogo, na gogo linakohoa. Ni mwanawe, bado amekumbatia ubao wake mwenyewe. Mama yule halii wala hapigi kelele. Anaweka sufuria chini na kumwambia, "Umechelewa. Uji umepoa."

"Si nilisema!" simu ikapiga ukelele. "Nilisema mama yake atamwona!"

"Nilisema mimi!" Mama Nakhungu akajibu. "Mama ni wangu, wewe nilikusimulia tu!"

"Nyamazeni nimalize!" Wangila akafoka, na hiyo ndiyo mara pekee nimemsikia akiwafokea. Akaunganisha intaneti ya simu yake, akabonyeza. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Tulitazama kile kimduara kikizunguka, wote, kama watu wanaomtazama ng'ombe akizaa. Kikasimama. Baada ya muda kidogo, Bi. Cherono akajibu: "Umefika. Umo kwenye orodha. Nimeanza kusoma na siwezi kuacha."

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Tulirukaruka, Wangila alinibeba akashindwa, baba aliimba wimbo wa tenzi mstari wa kwanza mara tatu kwa sababu wa pili hakuukumbuka. Majirani wakaondoka. Wangila akaenda kutafuta soda. Na nilipogeuka, nilimwona Mama Nakhungu amekiinua kile kiti cha kusomea. Alikuwa anakirudisha ndani, polepole, akikibeba kwa upande ili kipite mlangoni.

"Mama, unakipeleka wapi?"

"Si imeisha?" Alitabasamu kabisa. "Nimefurahi, mukhana. Kweli nimefurahi."

Nilimnyang'anya. Nilikirudisha mahali pake barazani kwa kishindo, nikakaa, nikatoa kwenye mkoba ile kaunta buku nyekundu iliyovuka Kamukuywa kwa makosa.

"Kaa chini. Hii ya Nyambu umeisikia kwa simu, kwa mzee anayependa chumvi. Sasa utaisikia kwangu, toka mwanzo, kila Alhamisi. Na wewe baba, Jumapili nakuletea Wekoye ukurasa wa kwanza. Na daftari nyingine ziko dukani."

Mama alikaa. Alivuta leso mabegani na kukunja mikono, kama anavyofanya kabla ya mahubiri. Nilisoma ukurasa wa kwanza wa Jiwe la Nyambu, nikasoma wa pili. Katikati ya wa tatu akaniinulia kidole.

"Na yule mzee wa kofia, anaingia saa ngapi?"

Niliutazama ukurasa. Palikuwa na Nyambu peke yake na jembe, kama nilivyomwandika. Kwenye simu, safari hii hakuna aliyesema netiwaki ni mbaya. Nikatoa penseli sikioni.

"Sura ya pili, mama," nikasema. "Yuko njiani, anakuja na kamba yake."

Nilimsikia baba akijikohoza huko Saboti, mara moja, halafu tena.

"Soma, maitu," akasema. "Tunasikiliza."